Rimwimata Kwenye Paa

Nyota ya Rimwimata niliijua kwanza mchana, ndani ya maneaba, nyumba ya mikutano ya kijiji chetu kule kisiwani Abaiang. Bibi Teboua alitulaza chali mkekani, mimi kushoto kwake na kaka yangu Ioteba kulia, akanyoosha ufito kuelekea paa la majani ya mkadi. Kila nafasi kati ya makombamoyo kwake ilikuwa kipande cha mbingu.

"Ikifika hapa jua likishazama, zile pepo kali za magharibi zimekwisha," alisema. "Ina rangi ya machungwa, kama tunda la mkadi lililoiva."

Jioni alipotuonyesha yenyewe, nilisikitika.

"Mbona ndogo?"

"Ulitaka niichume nikuletee?"

Nikaolewa Auckland. Miaka mingi nilifua mashuka ya hospitali huko. Majira ya baridi Rimwimata ilipanda juu ya utosi, nikaitazama kama jamaa aliyehamia mtaa usio wake. Bibi alifariki nikiwa huko huko.

Niliporudi nilikuta maneaba imeezekwa mabati. Nikasimama katikati, nikiyatazama makombamoyo yaleyale ya zamani.

"Haivuji tena, dada," Ioteba akasema. "Wewe umezoea kulala pakavu. Sisi ulitaka tulowe?"

Nikatandika mkeka, nikajilaza.

"Watu watasema ughaibuni kumekuharibu."

"Waache waseme."

Akacheka, akajilaza naye, huku akilalamikia kiuno chake. Nikamwonyesha Rimwimata ilipokuwa.

"Wapi? Ilikuwa huku."

"Ioteba, usinibishie."

Tukabishana kama zamani, hata akaniambia tubadilishane nafasi. Nilipolala upande wake, paa likawa jingine. Nikakumbuka kwamba bibi akifundisha, mimi nilimwona kisogo tu, na zile nywele zake zilizonukia mafuta ya nazi.

"Alikuwa anakuelekea wewe," nikasema. "Siku zote."



"Mkono wa ufito ulikuwa upande wangu, ndiyo. Lakini ule mwingine alikuwa amekushika wewe. Mimi nikiona wivu mpaka habari za nyota sizisikii."

Mkono ule nilikuwa nimeusahau kabisa. Ukanirudia palepale: mkavu, mwepesi, umenishika kifundo cha mkono nisije nikatoroka.

Mke wa Ioteba akatuita tukale, magimbi yetu ya babai yanapoa. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, na Ioteba akamjibu kwamba tuko darasani.