Siku Nilipomheshimu Binamu Yangu Sadala

Mwaka 1974 chama kiliagiza kijiji chetu, huku Handeni, kihamie kando ya barabara kabla ya Saba Saba. Mimi, Mhina, nilikuwa katibu wa tawi la TANU. Nilikuwa nimesoma masomo ya jioni Korogwe, pale Kilole, hadi nikaweza kusoma gazeti bila kufuata mstari kwa kidole. Agizo nililielewa. Wanakijiji nao walilielewa, wakalikataa. Aliyetuchanganya wote ni mwenyekiti wetu, Sadala.

"Tuhame," aliwaambia, "lakini tukishavuna mahindi."

Waliotaka kuhama wakakasirika, wasiotaka wakakasirika, naye akaenda zake kuoga.

Nikaazimia aondolewe kwenye uenyekiti. Kikwazo kilikuwa kimoja. Mama yangu na baba yake Sadala ni ndugu wa tumbo moja, na kwetu Uzigua mabinamu ni watani, kutukanana ndiyo salamu yao. Nikimshutumu kwa uchungu wa kweli, watu wanacheka.

"Sadala," nilifoka mkutanoni, "wewe ukiulizwa jua linachomoza wapi, utasema mashariki, lakini watu wa magharibi nao wasikilizwe!"

Watu hoi kwa kicheko.

"Na wewe," akajibu, "tangu usome Kilole, hata kukohoa unakohoa kwa vituo."

Mashtaka yangu yakafia hapo.

Nikaandika wilayani, wakamtuma Ndugu Simeo, mgeni wa sehemu zetu, asikilize shauri. Asubuhi ya mkutano mke wangu, Mwantumu, alinionya: "Baba Hiza, ukimtukana tu, umeshindwa."

Nikaona dawa. Nitamheshimu.

Darasa la shule lilijaa. Nikasimama, nikafunga kifungo cha shati hadi shingoni.

"Ndugu Mjumbe, ninamheshimu sana Mheshimiwa Mwenyekiti, Mzee Sadala. Kwa unyenyekevu, naomba aondolewe."

 Hakuna aliyecheka. Mama yangu, Bi Mashavu, akauliza kwa sauti, "Jamani, nani kafa?"

Sadala uso ulimshuka. "Binamu, nimekukosea nini hata uniite mheshimiwa?"

"Hujanikosea kitu, mzee wangu."

"Mzee wangu!" mtu akaguna nyuma. "Leo wameuana."

Ndugu Simeo akashika kalamu kwa mara ya kwanza. "Naona jambo hili ni zito. Mwenyekiti, unajibu nini?"

 Ilibaki mimi kunyamaza tu, nishinde.

"Katibu anasema kweli," alisema Sadala. "Agizo ni kuhama."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nasema kweli. Mahindi hayana miguu."

Nikauma meno.

"Kwa hiyo mkiniondoa ni sawa. Na msiponiondoa, nayo ni sawa."

Hapo uvumilivu ukanitoka. "Hata kufukuzwa huwezi kufukuzwa upande mmoja! Boga wewe! Boga lililotambaa mpakani, halijulikani la shamba la nani!"

Darasa zima likalipuka. Mama akapiga vigelegele. "Kumbe wazima wanangu!"

Sadala alifuta machozi kwa kofia yake. "Afadhali boga linaliwa! Wewe ni kokwa la embe, Kilole walishalinyonya wakatutupia sisi!"

Ndugu Simeo aliduwaa mpaka alipoelezwa na jirani yake. Kisha naye akacheka, akafunga kalamu.

"Kumbe ni watani! Basi mimi simo. Vuneni, halafu mhame."

"Ndugu Mjumbe, mimi nimekasirika kweli!" nikapaza sauti.

Wakacheka tena, kuliko mwanzo.

Tulivuna, tukahama. Uchaguzi wa tawi ulipofika, Sadala aliulizwa kama atagombea. Akasimama, akasema yuko tayari kugombea, na yuko tayari vilevile kupumzika, na kwamba pande zote mbili zina faida zake, akaanza kuzieleza. Jua lilikuwa utosini na wali wa mkutano ulikuwa unapoa.

Nikanyoosha mkono, nikalipendekeza jina lake mimi mwenyewe, ili anyamaze tukale.