Barua ya Ntate Moshabesha

Katika ofisi ya Daktari Kabeya, hapa Quthing, hakuna barua inayotiwa gundi kabla mama yetu wa ofisi, 'M'e 'Mathakane, hajamsomea mwenyewe. Mwenyewe ni mgonjwa. Barua zetu tunaziandika kwa Kiingereza, maana ndivyo wanavyoandikiana madaktari, naye huzigeuza Kisotho papo hapo, kwa sauti, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kama mtu anayesoma taarifa ya habari redioni.

Chuoni nilikosomea ukatibu sikufundishwa hivyo. Nilifundishwa pambizo, namba ya kumbukumbu, mahali pa tarehe, na kwamba barua ya daktari kwenda kwa daktari mwenzake ni siri ya hao wawili. Wiki yangu ya kwanza nilijikaza nikamwambia, tena kwa sauti ambayo nusu yake ilibaki kooni.

"Siri ya wawili?" akauliza 'M'e. "Ausi Libuseng, dada yangu, tumbo linalouma ni la nani?"

"La mgonjwa, 'M'e."

"Na atakayekaa garini mpaka Maseru na hiyo bahasha mapajani ni nani?"

"Mgonjwa."

"Basi mpe habari ya mzigo wake."

Yeye ni katibu wa ofisi hii tangu ilipofunguliwa, mama mnene, mwenye manukato yanayotangulia kufika, na hana haya hata kidogo ya kujisifu. "Barua yangu ikifika Maseru," huwaambia wagonjwa, "daktari hukaa vizuri kwenye kiti." Mimi ambaye simu ikilia naitazama kwanza kama nyoka, nilikuwa namwangalia na kutamani hata robo ya sauti yake.

Siku aliyokuja Ntate Moshabesha ilikuwa ya Julai, milima imeshika theluji, nasi tumelikumbatia jiko la mafuta ya taa. Mzee alikuwa amejifunga blanketi lake la kijivu mpaka kidevuni, kofia mkononi. Aliletwa na 'Masello, mke wa mwanawe, kwa kuwa mwanawe yuko machimboni Rustenburg. Nesi wetu alikuwa amekwenda mazishini, na Daktari Kabeya, ambaye ni mtu wa Kananga huko Kongo, Kisotho chake kinaishia kwenye salamu. Basi 'Masello, aliyemaliza sekondari, akaingia chumbani na baba mkwe wake kuwa mkalimani.

Hawakukawia. Daktari alirekodi barua kwenye kinasa sauti, nikaipiga chapa. Mzee ana maumivu ya tumbo la chini na hapati usingizi. Mkojo, mgonjwa anasema hauna shida. Amekataa kufungua nguo apimwe. Tafadhali mchunguzeni tumbo. Ilikuwa ya kliniki ya tumbo huko Maseru, na kliniki ile nafasi zake zilikuwa zimejaa mpaka majira ya kupanda.

Niliiona imekaa vizuri kwenye karatasi. Nikampa 'M'e.

Aliwaketisha wote wawili mbele ya meza yake, akaanza. Mzee alikuwa anatazama sakafu. 'Masello, kitambaa kichwani na blanketi mabegani kama inavyompasa, alikuwa anatazama mikono yake. 'M'e alipofika kwenye usingizi aliacha kusoma. Akaigeuza karatasi, ingawa nyuma hapakuwa na kitu, akairudisha.

"'Masello, mwanangu. Baba halali kwa maana amelala macho wazi, au anaamka?"

"Anaamka, 'M'e."

"Unajuaje, nawe unalala nyumba nyingine?"

'Masello alikaza blanketi mabegani. "Mlango," akasema. "Mlango wake usiku haupumziki. Na baridi hii. Ukifunguka nangoja nisikie ukifungwa, ndipo nami nilale."

Mzee aliivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

'M'e aliikunja barua, akaiweka chini ya kiwiko chake. "Ausi Libuseng, mpeleke huyu mtoto nje akaote jua. Kwenye chupa yangu kuna motoho ya moto. Imalizeni, mimi daktari amenikataza sukari."

"Kumbe motoho yako ina sukari, 'M'e?"

"Toka!"

Nje kuna benchi kwenye ukuta unaopigwa na jua. Tulikaa. Nilimimina ule uji mchachu kwenye kifuniko, nikampa. Wenye haya wawili wakikutana, uji ndio hupata bahati ya kunywewa upesi. Mwishowe alisema yeye, macho yake yakiwa barabarani.

"Dada, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Linalomsumbua. Mtu anayetoka nje hivyo usiku kucha, halafu unasikia kimya, kimya kirefu, halafu anaguna. Nilijua. Lakini ningelisema kwa mdomo gani?" Alishika kifuniko kwa mikono miwili. "Daktari aliniuliza, anakojoa vizuri? Aliniuliza mimi! Nikamgeukia baba, nikamwambia, daktari anauliza kama mwili u mzima. Baba akasema mzima. Nikamwambia daktari, mzima."

Sikumlaumu. Nani kati yetu angeweza? Mwanamke aliyeolewa hatamki hata jina la baba mkwe wake, na maneno yanayokaribiana na jina hilo huyazunguka kama mtu anayezunguka tope. Sasa aje amuulize habari za mkojo, ana kwa ana, mlango umefungwa, mzungumzaji ni yeye?

"Nilipojifungua mwanangu Sello," akaendelea, "theluji ilikuwa imeziba njia, mama mkwe alishafariki. Baba mwenyewe alishika ndoo akanichotea maji kisimani. Mwanamume mzima na ndoo! Vijana wakamcheka kijiji kizima, naye akawaambia, chekeni, na kesho nakwenda tena." Alifuta pua kwa ncha ya blanketi. "Akifa huyu, dada, nitakuwa nimemuua kwa adabu."

Nilimshika mkono.

Baadaye 'M'e aligonga dirisha kutoka ndani, akaniashiria nilete maji ya moto chumbani kwa daktari. Nilisukuma mlango kwa bega, na nilichokiona sitakisahau. Ntate Moshabesha amekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, kofia magotini, anazungumza na daktari, na daktari anamtazama yeye tu usoni. 'M'e yumo humo humo, lakini amegeuza kiti chake. Amewapa mgongo. Uso wake uko karibu kabisa na ukuta, kwenye bango la chanjo za watoto, na kutoka huko sauti yake inageuza Kisotho kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kisotho, sauti tambarare isiyo na mzaha wala huruma, kama vile si ya mwanamke, si ya mtu yeyote. Yule 'M'e wa manukato na majigambo hakuwamo. Mzee alisema kitu kwa shida, akasita, na ule mgongo mpana haukutikisika, haukumhimiza. Ulimngoja. Naye akamaliza.

Niliweka maji nikatoka kwa ncha za vidole.

'M'e alipotoka, daktari alibaki na mzee. Kisha naye akaja, akivua glavu, jasho kwenye paji la uso siku ya theluji.

"Kibofu kimejaa mpaka karibu na kitovu," akatuambia kwa sauti ya chini. "Nimejaribu kupitisha mpira wa kutolea mkojo, umekataa. Ifute ile barua, Libuseng. Haendi kliniki ya tumbo. Anakwenda leo hii kwa daktari wa njia ya mkojo, yule anayekuja kutoka Bloemfontein. Yuko Maseru mpaka kesho. Akimkosa huyo, figo za mzee huyu zitakufa tukiwa tunangoja nafasi."

"Gari la mwisho linaondoka saa tisa," akasema 'M'e.

"Basi tuandike."

Nilikaa kwenye mashine, vidole baridi. Daktari alisimama nyuma yangu akitaja maneno, 'M'e kando yake.

"Mkojo kwanza," akasema daktari. "Mstari wa kwanza kabisa. Mkojo umeziba, mpira umekataa, ni wa dharura."

"Na salamu?" akauliza 'M'e.

"Salamu chini."

"Chini wapi? Barua ya ofisi hii haijawahi kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi."

"'M'e, yule bwana ataisoma amesimama, wagonjwa wamemjaa."

"Asimame, lakini asalimiwe. Neno moja. Andika 'Mpendwa mwenzangu', kisha mkojo wako."

"Sawa. Mpendwa mwenzangu, kisha mkojo wangu."

"Si wako, Daktari, ni wa Ntate Moshabesha," nikasikia mdomo wangu ukisema, na wote wawili wakacheka, nami nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tulikwenda hivyo, yeye akitaja, 'M'e akipunguza, mimi nikipiga. Barua ilieleza jinsi mzee anavyoamka, tangu lini, nini amekunywa, presha yake, kwamba yuko peke yake na mke wa mwanawe. Ilinigusa kuona jinsi barua fupi inavyoweza kumbeba mtu mzima. Daktari alikuwa ameshika kalamu tayari kutia saini, na hapo nikamkumbuka 'Masello pale kwenye benchi.

"Daktari," nikasema. "Kuna jambo moja."

Alingoja. 'M'e naye alingoja, na nilijua sauti yangu ikibaki kooni safari hii, gari litaondoka bila neno langu.

"Wakifika kwenye dirisha la mapokezi wataulizwa jina la mgonjwa. Mzee amechoka, pengine atakuwa amelazwa kwenye machela, atakayejibu ni 'Masello. Na yeye hawezi kulitaja. Atasimama pale akitazama chini, watadhani hajui amemleta nani, watamweka pembeni." Nikaongeza upesi: "Chuoni wanasema mambo ya nyumbani hayaingii kwenye barua ya daktari."

Daktari Kabeya alikuna shavu kwa kalamu. "Kwetu mimi sili mbele ya mama mkwe wangu," akasema. "Akija kututembelea nakonda. Na mwaka juzi alikaa miezi! Liandike, Libuseng."

"Niliandikeje?"

"Wewe ndiye uliyeliona," akasema 'M'e. "Liandike ulivyoliona."

Nikaandika: Mgonjwa ameletwa na mke wa mwanawe, ambaye kwa heshima hatamki jina lake. Tafadhali lisomeni kwenye bahasha, naye atawajibu mengine yote. 'M'e aliisoma mara moja, hakubadili kitu. Kisha akachukua kalamu nene, akaandika jina la mzee kwenye bahasha kwa herufi kubwa, na chini yake maneno hayo hayo kwa Kisotho, kwa ajili ya karani, maana karani ndiye wa kwanza kuamua nani asogee na nani angoje.

Saini, muhuri, nakala kwenye faili. Lakini hata kwa haraka ile, 'M'e hakuitia gundi. Aliingia chumbani kwa mzee, akafunga mlango, na kupitia ukuta tukasikia mlio wa usomaji wake, kwanza ule wa redio, kisha ule tambarare. Alipomaliza, mzee alitoka taratibu, ameshika fimbo, uso umekwajuka kwa maumivu, na kofia imekaa sawasawa kichwani.

"'M'e," akasema mlangoni, "umenisema yote kama nilivyo, na bado nimevaa nguo zangu."

'M'e alimkaribia. Alimfunga blanketi vizuri kifuani kwa ile pini kubwa, basi.

'Masello yeye alisomewa sehemu ya mwisho tu, pale uani, bahasha ikiwa bado wazi. Aliposikia ametajwa kwenye barua ya madaktari, yeye na adabu yake, aliziba mdomo kwa mkono. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaiingiza kifuani ndani ya blanketi, akamshika baba mkwe wake kiwiko, nao wakateremka kwenda kituoni, mzee akitembea kwa hatua fupi fupi na yeye akizipunguza zake zilingane.

Siku zilizofuata kila simu ilipolia niliipokea mimi. 'M'e alinitazama tu juu ya miwani. Ilikuwa duka la dawa, ilikuwa shule, ilikuwa mtu aliyekosea namba. Kisha asubuhi moja nikasikia kelele za korido ya hospitali, na sauti ya 'Masello.

"Dada Libuseng? Walimpasua juzi. Njia imefunguka. Daktari anasema figo zimechoka lakini zinarudi, tungengoja hata siku chache zaidi zisingerudi."

"Na dirishani?" nikauliza. "Walikuuliza?"

"Hawakuniuliza!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Karani alichukua bahasha, akaisoma, akanitazama, akasimama. Mwanamume mzima, alisimama, dada. Akaliita jina mwenyewe, kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia, wakaja na machela. Mimi nilikuwa natazama chini tu."

'M'e alikuwa ameshaninyang'anya simu. "'Masello! Amekula?"

Sikusikia jibu, ila nilimwona 'M'e akitikisa kichwa.

"Ugali na nini? Mboga za moroho? Akaomba tena? Mwambie asiwamalizie chakula, hospitali si ya baba yake." Alikata simu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaivaa, akavuta barua iliyokuwa juu ya meza, akainua sauti ile ya redio mpaka vioo vikatetema:

"Anayefuata! Njoo usikie ulivyoandikwa."