Pampu Niliyosema Nimeitupa

Kosa ni langu, na bora niliseme mwenyewe kabla mke wangu hajalisema kwa madoido. Gari la baba mkwe limenizidi umri, na mimi si kijana. Pampu yake ya petroli, ile ya asili inayosukumwa na injini yenyewe, ilikuwa imechoka mpira wa ndani tu. Kazi ya mchana mmoja. Mimi nikaing'oa, nikafunga ya umeme. Nina stashahada ya ufundi magari ukutani, na stashahada ikikaa ukutani muda mrefu huanza kutafuta sifa.

Ufunguo wa akiba wa gari hilo nimeutembeza miaka ishirini pamoja na funguo zangu. Watoto wake wa kuwazaa hawakupewa. Nilipewa mimi.

Basi gari likawa linawaka vizuri, likikaa dakika tano petroli inafurika kwenye kabureta, moshi mweusi, harufu mpaka jikoni.

"Linakunywa kuliko marehemu mjomba wenu," mama mkwe akasema.

Siku hiyo mwanyumba wangu, aliyemuoa mdogo wa mke wangu, alikuja kuzibua sinki. Ni fundi bomba. Anaongea kidogo na anasikiliza sana, na wazee wanapenda mtu wa hivyo. Akainama kwenye kabureta niliyoifungua.

"Shemeji, hili boya si kama lile la tangi la choo?"

"Hii ni kabureta. Choo kiko kule ndani."

"Nakijua, nimekifunga mimi. Nasema hivi, boya likipanda si linaziba njia? Sasa presha ya bomba ikizidi, boya linashindwa, maji yanamwagika. Mie hapo nahangaika na presha, boya naliacha."

Baba mkwe akacheka, akampiga piga begani. Miaka ishirini, bega langu halijawahi kuguswa.

Na mimi nilikuwa nimeshabadilisha boya mara mbili. Tena asubuhi ile nilipima: geji ilionyesha pampu yangu ya umeme inasukuma paundi saba, na kabureta ile inataka tatu. Nikaitia geji mfukoni. Niseme nini, kwamba fundi choo kapatia?

"Pampu ya zamani iko wapi?" mzee akauliza.

"Nilishaitupa, baba."

Ilikuwa kwenye droo yangu, nimeiviringisha na fulana kuukuu.

Mzee akakaa kwenye ngazi, akisugua goti. "Jumatatu wananipasua. Nikirudi sijui kama mguu huu utakanyaga klachi tena. Nilitaka Jumapili nimzungushe mama yenu, niendeshe mwenyewe."

Siku tatu mwanyumba akazunguka mji kwa miguu akitafuta kifaa cha kupunguza presha. Kila jioni mke wangu ananipa taarifa, kama redio. Kila taarifa inaniunguza. Nilikuwa naomba asipate, Mungu anisamehe.

Ijumaa, mke wangu akitafuta mkasi, akafungua droo. Hakupiga kelele. Aliiweka pampu mezani, pembeni ya sahani yangu, akanipakulia kama kawaida.

"Baba watoto, chakula kinapoa."

Jumamosi nikanunua mpira mpya, nikautia ndani ya pampu kwa mikono yangu, na Jumapili asubuhi nikampelekea mwanyumba. Alikuwa kwenye gari, boneti wazi, kifaa hajakipata.

"Nimeipata," nikasema.

Hakuuliza wapi. Bora angeuliza. Tukaifunga pamoja, yeye akashika geji.

"Tatu na kidogo, shemeji."

"Inatosha."

Injini ikatulia, ikawa inanguruma taratibu kama mtu aliyeshiba. Mzee akatoka na tai shingoni, mama mkwe nyuma yake amejipaka poda. Mzee akaitazama pampu, ukingo wa mpira mpya ukichungulia, kisha akanyoosha mkono. Nikadhani ananipa mkono, nikafuta wangu kwenye suruali.

"Ufunguo wa akiba, mwanangu."

Niliuchomoa kwa shida, kucha ikakatika. Akampa mwanyumba.

"Huyu atakuwa analiwasha nikiwa hospitali."

"Baba, hata mimi ningeweza..."

"Kitu kilichotupwa hakirudi na mpira mpya," akasema, bila hasira, akaingia garini akiuburuta mguu.

Mwanyumba akaenda kufungua geti. Mama mkwe anahangaika na mkanda, mzee anatafuta gia ya kwanza. Kiti cha nyuma kitupu. Nikainama dirishani.

"Baba, naomba nikae hapo nyuma. Sitaongea. Nisikilize injini tu."