Samaki wa Pembe Nne

Tangi la samaki la Jamleck lilianza kuvuja saa nne asubuhi, hotelini kwake Adams Arcade. Maji ya chumvi yakatiririka hadi chini ya meza za wateja. Tangi jipya lilikuwa tayari kando yake. Kazi ilikuwa kuhamisha samaki ishirini.

"Nimeita Jeremy, ako na diploma ya samaki," Jamleck alimwambia Jabir, mtu wa Shimoni, pwani, aliyetunza tangi hilo miaka sita. "Samaki moja ikikufa, Mzee, hii kazi ni yake."

Jeremy alishaingiza wavu.

"Toa!" Jabir alifoka. "Unamwona huyo?"

Alikuwa kwenye kona: samaki wa pembe nne kama kiberiti, manjano kama ndimu iliyoiva, madoa meusi mwili mzima, mdomo umebinuka kama anayepuliza chai. Mapezi yake yalitetemeka kama mbawa za nzi.

"Hako kasanduku katanifanya nini?" Jeremy akacheka.

"Ukimtisha atatoa sumu, wafe wote, na yeye mwenyewe. Atoke kwanza yeye, tena bila wavu."

"Atatoka aje? Utamwomba?"

"Ndiyo. Nyamaza."

Jabir aliacha shule darasa la tano akaenda kuzamia samaki baharini. Alijua samaki huyu, akiwa mdogo, hukaa peke yake kwenye maji tulivu nyuma ya mwamba, kati ya matawi ya matumbawe. Akiona mwanya, anaingia. Basi akatoa mawe yote tangini, moja moja, polepole, asibakishe pa kujificha. Kisha akalaza ndani jagi la kioo lenye kipande kimoja cha tumbawe. Akazima taa ya tangi, akangoja.

Maji yalizidi kushuka.

"Mzee, yanaisha!" Jamleck akapaza sauti.

"Nimesema kimya. Hata wewe."

Kisanduku kikageuka palepale kilipo, kama gari linalotafuta maegesho. Kikachungulia jagi. Kikarudi nyuma. Kikaingia.

Jabir akainua jagi na maji yake, akalizamisha kwenye tangi jipya. Yule samaki akatoka taratibu, akazunguka kona zote nne kama mwenye nyumba. Wale kumi na tisa wakafuata kwa wavu, wazima wote. Wateja wakapiga meza kwa furaha.

Jamleck akakohoa. "Sawa, Mzee. Kazi ni yako."

"Kwani ilikuwa ya nani?" Jabir akavuta kiti, akamwita mhudumu. "Mercyline! Chai mbili. Yangu kwenye kikombe. Ya Jeremy mtilie kwenye wavu wake."