Nyota Iliyokatazwa Kuzimika

Katika nchi ya Uzingo kila kitu kilikuwa na mwenyewe, isipokuwa mbingu. Mito ilikuwa ya Mfalme, misitu ya ndugu zake, chumvi ya shemeji zake. Raia waliachiwa kutazama juu, na jambo hilo halikumkera mkubwa yeyote, kwa sababu juu hakukuvunwa kitu.

Mtu mmoja tu alilishwa na kasri ili atazame juu. Aliitwa Shaame, Mwandishi wa Anga. Kazi aliirithi kwa baba yake. Jua likipatwa, au ikipita nyota yenye mkia, alichonga habari hiyo kwa patasi kwenye ukuta wa mawe nyuma ya kasri. Sheria ya kale ilisema Mwandishi achonge alichokiona, wala asiulizwe. Wafalme waliotangulia waliiheshimu sheria hiyo, labda kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika nyuma kusoma.

Mwaka aliotawazwa Mfalme mpya, ilizuka nyota ambayo haikuwapo. Ilizuka mchana kweupe, kando ya jua. Kidawa, mke wa Shaame, alikuwa akianika mihogo uani. Alipoinua uso akaita, "Baba Mize! Njoo uone, anga limetoboka!"

Shaame alitoka mbio, akasimama mdomo wazi, kisha akacheka kama mtoto. Siku hiyohiyo akachonga: *Leo imezuka nyota mpya kando ya jua, nayo yaonekana jua likiwa juu.*

Waziri Mkuu hakuchelewa. Alitangaza kuwa mbingu zimemtambua Mfalme, na kwamba nyota ile ni Jicho lake. Ikaamriwa kuwa kila adhuhuri, ngoma ikilia, kila raia asimame alipo, ainue uso na kusema, "Tunakuona unavyotuona." Mwanzoni watu walisema kwa furaha ya kweli. Ilikuwa nyota nzuri, na hakuna aliyekuwa ameona mfano wake.

Kisha ikaanza kufifia. Mchana ilipotea kwanza. Usiku ikabaki kama cheche, halafu nayo ikaisha. Ngoma ya adhuhuri haikuisha.

Shaame alikwenda ukutani na patasi yake. Hakumaliza hata neno moja, walinzi wakamshika na kumpeleka barazani.

"Mwandishi," alisema Mfalme kwa upole, "nimeambiwa unataka kunipofua."

"Hasha, Mtukufu. Nachonga nilichokiona tu. Nyota imezimika. Hata zamani za mababu iliwahi kuwaka moja ikazimika, na nchi haikudhurika."

Waziri Mkuu akafungua madirisha. Ilikuwa adhuhuri, mbingu tupu, samawati. "Waheshimiwa," akasema, "kuna asiyeiona nyota?"

Wote wakageukia dirishani. Mganga Mkuu akaziba macho kwa kiganja. "Mimi inaniumiza kwa ukali wake."

"Ukali wa leo si kitu," akasema Kadhi. "Jana ndiyo ilikuwa kali."

"Jana?" Mganga akashtuka. "Unasema imepungua?"

Kadhi akapauka. "Sikusema hivyo! Nimesema... leo imezidi, ila sisi tumeshaizoea."

Mfalme aliitazama mbingu kwa muda mrefu, na Shaame akaona usoni pake kuwa naye haoni kitu. Kwa kitambo akamwonea huruma. Kisha Mfalme akageuka. "Sheria ni sheria," akasema. "Mwandishi achonge alichokiona. Nenda basi, ukaone."

Shaame alirudi nyumbani akamsimulia mkewe. Kidawa alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini tangu utoto hakujua kuyameza. Kesho yake sokoni, ngoma ilipolia na watu wakainua nyuso, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya dagaa, "Jamani, mimi siioni. Kuna anayeiona?"

Jirani yake, aliyemzalisha alipojifungua mtoto wao Mize, alisogea pembeni ili asionekane kuwa naye. Walinzi walimchukua Kidawa mchana huo, wakampeleka kwenye matanuri ya chokaa, ambako, ilisemekana, wenye macho dhaifu hutibiwa.

Shaame alimwendea Waziri Mkuu, akapiga magoti.

"Mkeo anaugua," alisema Waziri, "na dawa unayo wewe. Chonga neno moja tu la haki."

"Nikilichonga, atarudi?"

"Sisi si wakatili, Bwana Shaame."

Akachonga: *Nyota ingali inang'aa.* Alitamani mkono utetemeke, herufi zitoke mbovu, ili atakayesoma ashuku. Mkono haukutetemeka. Zilitoka nzuri kama zote alizochonga maishani mwake.

Kidawa akarudishwa. Chokaa ilikuwa imemla macho, kope zimekwisha. Shaame alimnyooshea kata ya maji, naye akapapasa hewani asiione. Akamshika mkono, akamnywesha, akafunga mlango.

"Mama Mize," akanong'ona, "tuko peke yetu. Sema lililo moyoni."

Kidawa akainua uso kuelekea darini. "Leo inang'aa sana, Baba Mize. Kuliko jana."

Shaame alingoja amkonyeze, au amfinye kiganja. Hakufanya hivyo. Alitabasamu tu. Shaame hakujua kama mkewe anaogopa, au anamlinda, au kweli anaiona. Hakuthubutu kuuliza tena, wala mkewe hakumwambia mpaka akafa.

Mfalme naye alikufa, kwa homa. Watu walicheza ngoma uani kwao, kimyakimya. Shaame alijikokota hadi kwa Waziri Mkuu, ambaye sasa alitawala kwa niaba ya mrithi mchanga.

"Bwana Mkubwa, mwenye Jicho ameondoka. Niruhusu niandike kwamba nyota ilizimika. Mimi ni mzee, sitaki kingine."

Waziri alimtazama bila hasira. Naye alikuwa amechoka. "Tukisema ilizimika, Shaame, wale wa matanuri walikuwa wamekosa nini? Nani atakwenda kuwaambia mama zao? Utakwenda wewe?"

Shaame aliondoka bila kuaga.

Karne nyingi zimepita. Hakuna anayekumbuka jina la Mfalme. Hivi karibuni walikuja wageni na vioo virefu vya kutazamia mbali, wakavielekeza mahali palipotajwa ukutani. Wakaona wingu jembamba la moshi unaowaka, limechanika kama kitambaa kikuukuu, na bado linatanuka. Walifurahi mno. Walisema nyota huacha masalio kama hayo ikipasuka. Walitaka kujua nyota yenyewe ilibaki kuonekana kwa macho mpaka lini, lakini mawe hayakuwajibu.

Mmoja wao akamfuata mama aliyekuwa akiuza ndizi karibu na ukuta. "Mama, wazee wenu walisemaje? Nyota hii ilizimika lini?"

Yule mama akatazama kushoto, akatazama kulia, akajifunika vizuri khanga yake.

"Mimi, mwanangu," akasema polepole, "sijasikia kama ilizimika."