Kiti cha Kitsa

…kwa sababu nikisema mgongo mara ya tatu atanishuku, anayeumwa mgongo hasimami ameachanisha miguu namna hii, lakini nitamwambiaje fundi wa baiskeli, mwanaume, hapa pembeni ya barabara ya Maboya, kwamba panaponisumbua ni pale, na tena hapaumi, hilo ndilo linalonitisha, tangu mlima uliopita hapaumi hata kidogo, pamekufa ganzi, pameondoka kama si pangu, na Sikuli, jina lake limeandikwa kwa rangi ya bluu juu ya banda, ameinama na spana mkononi, anakitazama kiti, anaitazama miguu yangu, anasema hiki ni cha mutu murefu, kila ukikanyaga unateleza, kushoto, kuume… najua, nilijua kabla sijafika mwisho wa lami ya Butembo, niliuchora kwa penseli ule mshipa wa fahamu unaopita kati ya mifupa ya kukalia, profesa akautaja kwa Kifaransa, nerf honteux, mshipa wa aibu, wavulana wakacheka nyuma ya darasa, mimi sikucheka, niliandika, na sasa nimeukalia tangu asubuhi, ganzi inaondoka baada ya saa chache, ndivyo kitabu kilivyosema, au kilisema siku chache, ukurasa ninauona, mchoro ninauona, mstari wenyewe siuoni… na kile kikwembe, kitenge cha kujifunga, nilichokunja mara nne nikakifunga juu ya kiti, Mama alisema laini haiumizi, nikamsikiliza, mimi niliyesoma, basi kimeniinua zaidi, na fundo lake limeingia palepale, na chini ya kikwembe nilichovaa kuna suruali ya kaka yangu Kitsa, maana askari wa vizuizi wakimwona mwanamke ndani ya suruali wanamuuliza maswali marefu… Papa Ézéchiel, mzee wa chukudu, ameegemeza ule mkokoteni wake wa mbao, anaoupanda kwenye miteremko, umejaa viazi, anangoja gurudumu lake na hana haraka, anasema mwana wa shule, hiyo kinga, hiyo baiskeli, itakunyima batoto, na Sikuli bila kuinua kichwa anamjibu, papa, wewe umerukaruka juu ya chukudu tangu Wabeleji na uko na batoto kumi na moja, acha ye apande, wanacheka, nami nacheka kidogo kwa adabu, si kweli, hakuna kitabu kinachosema hivyo, ni baiskeli tu, si kweli… lakini mbona hapaumi…

"Fasi gani inauma?" anauliza Sikuli.

"Mugongo," nasema.

…mara ya tatu, basi, na yeye hakatai, anasema donc tushushe kiti, kisha spana inagota, haiendi, kwa sababu ya utepe, nilijua ataufikia, utepe mwekundu wa mpira wa ndani wa tairi, umezungushwa kwenye bomba la kiti ukakazwa mpaka umekuwa kama mfupa, kila mwenye baiskeli huku kwetu anafunga wake, anaazimisha baiskeli lakini kimo cha kiti ni chake, anayeazima anakaa juu na kuvumilia, na Kitsa alikuwa anaazimisha kanisa zima, waimbaji, mashemasi, hata wafupi, walimrudishia huku wanachechemea na yeye anachekelea mlangoni, kaka yangu, kiti juu kama mimbari, hakuna aliyewahi kuugusa ule utepe, hata wale watu wenye bunduki hawakuugusa, pale Kabasha walichukua magunia ya maharagwe Kitsa aliyoyabeba kutoka Musienene, wenzake walitupa mizigo wakakimbilia porini na wote walirudi isipokuwa yeye, baiskeli ikaletwa nyumbani na mashemasi wa Vuhovi imejaa matope, Mama akaiosha, akaisimamisha sebuleni karibu na meza, akasema kiti kisiguswe, Kitsa akirudi atakikuta namna gani, tukala miezi yote hiyo tukiwa na baiskeli mezani kama mgeni, mpaka Jumapili Marie-Jeanne, anayefanya biashara ya chumvi, akaja kusema kuna kijana hospitalini Beni, murefu, wa kwetu, risasi imemuvunja muguu, hasemi jina, na magari hayaendi tangu lile lililochomwa, basi nikaitoa baiskeli mlangoni na Mama akaniambia kitu kimoja tu, usikishushe… Sikuli amechomoa wembe mfukoni, anasema hii kauchu ndiyo inazuia, niikate ama niache, na mimi namwona Kitsa kitandani, namwona ninavyomwona tangu Jumapili, anainuka, anashika usukani, anapapasa chini ya kiti, swali lake la kwanza ni nani amegusa, halafu anapanda, na mimi nyuma, nimekaa upande kama tulivyokuwa tukienda kanisani, tunarudi nyumbani… anapanda… kwa mguu gani… Marie-Jeanne alisema mguu, nilisikia, nilimuuliza hata ni wa kuume au wa kushoto, na kila siku nimekuwa namwona anakanyaga pedali… hatakanyaga, atakaa nyuma, na milima yote hii kurudi Butembo atakayekanyaga ni mimi, na kama si yeye, kama ni mtoto wa mama mwingine, nitamshika mkono kidogo, nitauliza kwao ni wapi, kisha nitageuza peke yangu, na atakayekaa hapa ni mimi vilevile, akiwa hai ni mimi, na asipokuwa… ni mimi, na kwa miguu isiyofika chini sitamaliza mteremko wa Kabasha, na mahali pa kukimbia sitakimbia… Sikuli bado ameinama, spana bado iko kwenye nati, wembe bado uko juu, Papa Ézéchiel bado anacheka peke yake kuhusu batoto wake kumi na moja…

"Hapana kata," nasema. "Fungula. Ufunge pale nyuma, fasi mutu mwenye kubebwa anashika."

…ananitazama, anarudisha wembe mfukoni, anaanza kuutafuta mwanzo wa utepe kwa kucha, itachukua muda, Kitsa alikaza kweli, na pale palipokuwa pameondoka kuna sisimizi ameanza kutembea, mmoja, sasa wengi, wanachoma, panauma, asante Mungu panauma, ni pangu, "na kiti," nasema, "ushushe mupaka miguu yangu ifike."