Mkubwa Hapigi Simu

Jumamosi ile simu ya nyumbani kwa Bibi ilitekwa nyara mchana kweupe. Mtekaji alikuwa mjukuu wake, binti aliyeitwa Waya kwa sababu zilizoonekana sakafuni kote. Alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba ambayo ndani ilikuwa tupu kama kichwa cha mlevi. Sasa alikuwa akipakua mfumo wa kuiendesha kupitia laini ya simu, tone kwa tone, tangu alfajiri ya jana.

"Mtu akiinua mkono wa simu tu, inakatika na naanza upya," alitangaza.

Ilishakatika mara tatu. Mara moja kwa jirani aliyekuja kuomba kupiga, mara moja kwa mama yake, na mara moja kwa Bibi, kwa bahati mbaya ya makusudi.

"Na huo mfumo ni wa nani?" Bibi aliuliza.

"Wa bure. Watu wameuandika, wakasema chukueni."

"Unawajua?"

"Siwajui."

"Wao wanakujua?"

"Hapana, Bibi."

Kwa miaka thelathini na mmoja Bibi alikaa mbele ya mtambo wa simu akiwaunganisha watu wasiomjua, wala hakuna aliyewahi kumuuliza jina. Lakini yeye alilipwa mshahara. Hawa wa bure walikuwa na wazimu gani?

Ilikuwa saa nne kasorobo. Saa nne kamili, kila Jumamosi, mdogo wake alikuwa akipiga simu. Waliongea hali ya hewa na magoti, wakaagana. Lakini Jumatatu hii mdogo mtu alikuwa anapasuliwa moyo, na kesho alikuwa analazwa. Wasipoongea leo, Mungu ndiye ajuaye wangeongea lini.

Kwenye skrini, mstari wa kijani ulifika themanini na nane kwa mia.

"Bado muda gani?"

"Saa mbili na nusu." Waya alimtazama bibi yake, akashika waya kwa vidole viwili. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha. "Ukisema nikate, nakata."

Alimaanisha. Hilo ndilo lililomkera Bibi. Angebisha, ingekuwa rahisi kumgombeza.

"Acha kwanza."

"Kwani lazima apige yeye?" Waya aliuliza. "Duka la dawa lina simu."

Mama yake Waya aliweka sufuria chini taratibu, kama mtu anayesubiri bomu. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja kuu: mkubwa hapigi, hupigiwa. Bibi aliitunga mwenyewe baada ya kugombana na mdogo wake juu ya cherehani ya marehemu mama yao. Cherehani ilishaliwa na kutu. Sheria ilikuwa bado inang'aa.

Bibi aliitazama saa ya ukutani. Akautazama mstari wa kijani, ambao haukuwa na habari na ukubwa wa mtu. Kisha akatafuta viatu.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Dawa ya magoti," alijibu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Muuza dawa alimsogezea simu juu ya kaunta. Bibi hakuwahi kuipiga namba ile hata siku moja, lakini vidole vyake viliijua yote.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Sauti ikapanda: "Dada? Unapiga wewe? Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Mtoto anapakua mfumo wa kompyuta, laini imejaa."

"Mfumo gani?"

"Wa bure."

"Bure? Mwambie aangalie, kuna mtego."

"Nilidhani hivyo hivyo." Bibi alizungusha waya wa simu kidoleni. Nyuma yake mteja alikohoa, akaulizia panadoli. Bibi alitaka kusema jambo la hali ya hewa. Lilikuwa tayari mdomoni. "Unaogopa?" akauliza badala yake.

Upande wa pili mtu alivuta pumzi ndefu.

"Naogopa, dada. Sijamwambia mtu."

"Haya, niambie mimi."

Bibi akafunika mkono wa simu kwa kiganja, akamgeukia muuza dawa. "Mwanangu," alisema, "niletee kiti."